Wiki 16 za ujauzito, nimeambiwa nina homa ya ini C na nisinyonyeshe. Nisaidieni

FundiWaNguo
Alhamisi, saa 5 usiku

Habari zenu. Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya, leo nimejiandikisha kwa sababu huu ni usiku wa tatu silali.

Nina ujauzito wa wiki 16, ni wa pili. Wa kwanza ni binti, ana miaka 6. Jumatatu nilienda kliniki, wakanipima uzito, wakanipima presha, wakanichoma kidole. Tone moja la damu kwenye kile kibao cha plastiki, juu yake matone mawili ya dawa, nikaambiwa nikakae kwenye benchi. Mimi ni fundi cherehani, macho yangu yamezoea uzi mwembamba, kwa hiyo mstari wa pili ulipoanza kujitokeza niliuona kutoka pale pale nilipokaa. Muuguzi akaita jina langu, akanipa kadi, akasema mbele ya wanawake wote: "Una homa ya ini C. Wewe hutanyonyesha, na utajifungua kwa upasuaji." Akaita anayefuata.

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Kwenye kadi wameandika nirudi baada ya wiki 2 "kwa kipimo kingine". Kipimo gani, sijui. Sikuuliza.

Sasa mimi siumwi. Macho hayajawa ya njano, mkojo ni wa kawaida, kichefuchefu kilikuwepo na kimeisha kama mimba ya kwanza. Sijawahi kujidunga dawa za kulevya, sina chale wala tatuu. Nilipojifungua binti yangu nilivuja damu nyingi nikaongezewa chupa 2. Na utotoni nilikuwa mtu wa kuumwaumwa, kuna jirani alikuwa akituchoma sindano zilizochemshwa kwenye sufuria, sindano moja mtaa mzima. Zaidi ya hapo sina la kueleza, lakini mume wangu anataka nieleze. Hajapaza sauti hata mara moja. Ila tangu Jumatatu, taa ikizimwa, swali ni lile lile: "Umeitoa wapi?"

Naomba kujua. Mtoto aliye tumboni atazaliwa nayo? Ni kweli sitanyonyesha? Na kazini najichoma sindano kila siku, nina binti ninayemfundisha kazi, tunatumia sindano na mkasi ule ule. Nimemwambukiza mtoto wa watu? Nijibuni hata kwa ukali, nitavumilia.

MtiNaMizizi
Alhamisi, saa 6 usiku

Pole dada. Ini linasafishika ndani ya siku 21 bila hospitali. Nina dawa ya mizizi, wamepona wengi, hata wajawazito. Nitumie ujumbe wa pembeni.

MtuWaMaabara
Ijumaa, saa 12 asubuhi

Dada, kwanza tuelewane umepimwa nini.

Kile kibao hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa siku ulipokutana na kirusi. Askari hawa hawarudi makwao vita vikiisha. Mtu aliyeambukizwa akiwa na miaka 10, mwili wake ukakishinda kirusi wenyewe, akipimwa na miaka 50 kibao bado kitamwonyesha mistari miwili. Na wanaoshinda wenyewe si wachache: katika kila watu 100 wanaoambukizwa, kati ya 15 na 45 hukifuta kirusi ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote.

Hicho "kipimo kingine" ulichoandikiwa ni cha kutafuta kirusi chenyewe, tunakiita RNA. Ndicho kinachosema kama unacho sasa au ulikuwa nacho zamani. Kikisema hakionekani, huna homa ya ini C, na huna cha kumpa mtoto. Kikisema kipo, kitatoa na namba, na hapo ndipo watu wanapozimia ofisini kwangu, maana ni namba za mamilioni. Usihesabu sifuri. Kwa homa ya ini C, namba kubwa haimaanishi ini limeharibika zaidi.

Muuguzi yule alitangaza majibu yako hadharani, na isitoshe yalikuwa majibu nusu. Mimi nipo kwenye kazi hii na bado jambo hili linanichoma.

Kuhusu swali la mumeo. Kirusi hiki kimejulikana mwaka 1989 tu. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakiona watu waliopewa damu wanaumwa ini, si A, si B, wakabaki kuuita ugonjwa huo kwa jina la kisicho: "homa ya ini isiyo A wala B". Kupima damu ya kuongezewa kulianza miaka ya mwanzo ya 1990, na si kila nchi ilianza pamoja. Nchini Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwachoma watu sindano za kutibu kichocho, sindano zikarudiwa kutoka mkono hadi mkono, na hivyo ndivyo vijiji vizima vilivyopata homa ya ini C. Walikwenda kutibiwa. Kwa hiyo sufuria ya jirani yenu inatosha kabisa kuwa jibu. Kitandani, kwa mke na mume walio wawili tu, maambukizi ni nadra sana. Naye apime, lakini apime kama mtu wa nyumba hiyo, si kama hakimu.

MkungaWaZamu
Ijumaa, saa 3 asubuhi

MtiNaMizizi, toka hapa. Kila kinachoingia mdomoni huchujwa na ini, mizizi yako pia, na sasa unataka kulitwisha ini la mjamzito mzigo mwingine usiojulikana uzito. Nimeshapokea wanawake walioletwa wamegeuka njano kwa "kusafisha". Sitaki kuzungumzia zaidi.

Mwanangu Fundi, nimezalisha kwa miaka 27, sikiliza.

Tuseme hicho kipimo cha pili kinakuja na kirusi. Kwa mama mwenye kirusi kwenye damu asiye na VVU, watoto wanaoambukizwa ni kama 6 kwa 100. Mama akiwa na VVU pia, hesabu hukaribia maradufu, ndiyo maana nataka uangalie kwenye kadi yako kama na hicho kimepimwa. Hakuna sindano ya kumpa mtoto akizaliwa kama ilivyo kwa homa ya ini B, kwa sababu chanjo ya C haijapatikana. Lakini chanjo ya B mtoto wako apewe ndani ya saa 24 kama mtoto mwingine yeyote, usikubali mtu aseme "huyu wa ini asubiri".

Upasuaji: hapana. Kuzaa kwa upasuaji hakupunguzi maambukizi ya C. Ukipasuliwa, iwe kwa sababu nyingine ya uzazi. Sisi tulio chumba cha kuzalishia tunachofanya ni kujizuia: hatuipasui chupa mapema bila sababu, hatumwongezi mama njia bila sababu, hatuweki kile kifaa cha mapigo kinachochomekwa kwenye ngozi ya kichwa cha mtoto. Kwa hiyo uchungu ukianza, waambie watakaokupokea. Usione haya. Anayekuzalisha hawezi kujizuia asichokijua.

Kunyonyesha: nyonyesha. Maziwa hayapitishi homa ya ini C. Isipokuwa chuchu ikipasuka ikatoa damu, titi hilo lipumzishe, kamua umwage, endelea na lingine, likipona rudi. Muuguzi wako kachanganya mafaili.

Sindano zako za kushonea. Sindano hatari ni ile yenye tundu ndani, inayobaki na damu. Ya kushonea ni chuma kitupu, hatari yake ni ndogo mno, lakini kuanzia kesho kila mtu na kasha lake. Ukijichoma, nawa, funga plasta, na tone likidondoka kwenye meza lifute kwa maji yenye klorini, maana kirusi hiki hukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku nyingi. Nyumbani vya kutenganisha ni mswaki, wembe na kikata kucha. Basi. Sahani, kijiko, choo, kumbusu binti yako, kulala kitanda kimoja, hayo yote endelea.

Na kitu kimoja uandike nyuma ya kadi: ukifika miezi ya mwisho ukaanza kuwashwa viganja na nyayo, hasa usiku, bila vipele, usisubiri tarehe ya kliniki. Hiyo ni nyongo inayokwama kwenye ini. Wajawazito wenye C hupata zaidi ya wengine, na anayeumia kwa kweli ni mtoto tumboni, si wewe mwenye kujikuna.

MamaWaMmoja
Ijumaa, saa 8 mchana

Fundi, mimi mwanangu alikuwa mmoja wa wale 6.

Nimefikiria asubuhi nzima kama niandike, maana unatafuta faraja na mimi ninakuletea hii. Lakini nilipokuwa na mimba niliambiwa 6 kwa 100 na kila mtu akaishia hapo, kana kwamba wale 6 hutumbukia shimoni. Hawatumbukii.

Nilijifungua kawaida, nikanyonyesha mwaka na nusu. Alipofika miezi 3 alipimwa RNA, ikaonekana. Nililia kwenye korido mpaka mfagiaji akanipa kiti. Daktari akaniambia subiri, baadhi ya watoto hukifuta kirusi wenyewe, kama robo yao hadi 4 kwa 10, kwa kawaida katika miaka ya mwanzo. Tukasubiri. Kila baada ya miezi 6 tunachota damu, tunaangalia ini. Alitambaa, alitembea, aling'ata watoto wa watu, alikuwa mtoto. Wake hakikutoka chenyewe. Alipotimiza miaka 3 akaanzishiwa dawa, chembechembe ndogo unazomnyunyizia kwenye chakula laini, kila siku wiki 12. Siku mbili za mwanzo alizitema zote ukutani. Miezi 3 baada ya dozi kuisha tukapima, hakuna kitu. Sasa ana miaka 4 na nusu na hajui lolote kuhusu hadithi hii, anajua tu kwamba mimi sipendi sindano kuliko yeye.

Kuna swali hukuuliza. Umeuliza kuhusu aliye tumboni, umeuliza hata kuhusu mwanafunzi wako. Binti yako wa miaka 6 je? Kama ni sindano za utotoni, ulikuwa nayo tayari ulipombeba.

FundiWaNguo
Ijumaa, saa 4 usiku

MamaWaMmoja, sikuuliza kwa sababu nililijua swali na sikutaka jibu. Ahsante kwa kuniuliza wewe.

MtuWaMaabara, nimemsomea mume wangu ile ya Misri. Hakusema kitu. Ila leo taa imezimwa na swali halikuja.

Mkunga, VVU sina, imeandikwa kwenye kadi. Sindano za kazini nimezigawa. Mwanafunzi wangu kauliza kwa nini, nimemwambia "usafi", uongo nusu. Kuwashwa nimeandika nyuma ya kadi kama ulivyosema.

FundiWaNguo
Wiki 3 baadaye

Nimerudi. Kirusi kipo. Namba ni milioni 1 na laki 3 na ushee. Nimejitahidi nisihesabu sifuri, nimezihesabu.

Mara hii nilipata daktari aliyefunga mlango kwanza. Vimeng'enya vya ini, vile vinavyopanda kwenye damu ini likiumia, viko karibu na kawaida, picha ya ini haina makovu, homa ya ini B sina. Amesema nitatibiwa baada ya kujifungua. Nikamuuliza, dawa si ipo, inaponya, nimeze leo tumalize, kwa nini nimpitishe mtoto kwenye hatari? Akasema bado haijathibitishwa kwa wajawazito. Nimetoka nimekasirika. Yaani mjamzito ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote, na ndiye anayeambiwa asubiri. Nikosoeni kama nimekosea.

Binti yangu tulimpima siku ile ile. Namuandikia peke yake kwenye mstari wake: hana. Kingamwili hakuna kabisa.

MtuWaMaabara
Saa 2 baadaye

Kwa binti: amepita miezi 18, kwa hiyo kingamwili yoyote ambayo ingeonekana ingekuwa yake mwenyewe. Na haipo. Kwake umemaliza, usimrudishe kwenye sindano.

Hasira yako siwezi kuikosoa, tuko wengi. Dawa hizi za vidonge zimebadilisha kila kitu tangu mwishoni mwa 2013: wiki 8 au 12, na wanaopona ni zaidi ya 95 kwa 100. Zamani ilikuwa sindano za interferoni karibu mwaka mzima, mtu anakonda, anakosa raha ya kuishi, na nusu yao hawaponi. Lakini dawa mpya zilipojaribiwa, wajawazito waliwekwa nje, kama inavyofanyika karibu kwa kila dawa. Ndiyo maana ushahidi ni mdogo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020, wanawake 9 tu, walipewa dawa mbili kati ya hizi mpya, sofosbuvir na ledipasvir, wakiwa wajawazito na matokeo yalikuwa mazuri. Tafiti kubwa zaidi zikafuata. Kwa hiyo daktari wako hakusema ni sumu, amesema haijajulikana vya kutosha. Hayo ni maneno mawili tofauti. Kuna madaktari ambao hujadiliana na mama mmoja mmoja wakaamua pamoja, unaweza kumwuliza tena bila ugomvi.

Kuna dawa moja ambayo hapo hakuna mjadala: ribavirini. Hiyo huharibu mtoto tumboni, na hata mwanamume anayeitumia hatakiwi kumpa mtu mimba, wala kwa angalau miezi 6 baada ya kuiacha. Angalia mtu asikupe vidonge vya marehemu nani vilivyobaki kabatini. Nimeshaona.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi. Wakati wa ujauzito mwili hupunguza ukali wa askari wake ili usimshambulie mtoto. Ndiyo maana vimeng'enya vyako ni vizuri sasa, na kirusi kinaweza kupanda kidogo miezi ya mwisho. Ukishajifungua askari wanarudi kazini, vimeng'enya vinaweza kuruka juu kwa miezi michache, usitishike. Wachache hukifuta kirusi kipindi hicho hicho. Kwa hiyo kabla ya kuanza dawa, RNA irudiwe.

MkungaWaZamu
Siku iliyofuata

Mwanangu, kukasirika ruhusa. Ila usikasirike ukaacha kuja kliniki.

FundiWaNguo
Miezi 4 baadaye

Wiki 35. Saa 9 usiku nimeamka najikuna nyayo kwa ukingo wa kitanda. Nikadhani ni joto. Nikajikuna viganja. Mume wangu akawasha taa, akatafuta kadi, akaigeuza nyuma, akasoma maandishi yangu mwenyewe kwa sauti. Tukatoka hivyo hivyo, mimi na kanga mbili, yeye viatu viwili tofauti.

Asidi za nyongo 46. Wamesema imepanda, si ile ya kutisha kabisa, lakini hawataniacha nifike wiki 40. Nimepewa dawa, napimwa kila wiki, na kila siku naangalia mtoto anavyocheza. Nitaanzishiwa uchungu wiki ya 37. Mkunga, sijui uko wapi duniani, lakini Mungu akulipe kwa kile kimstari cha nyuma ya kadi.

MkungaWaZamu
Siku hiyo hiyo

Niko zamu. Mtoto akipunguza kucheza usisubiri kesho, nenda saa hiyo hiyo.

FundiWaNguo
Wiki 3 baadaye

Wa kiume. Kilo 2.7. Njia ya kawaida, hawakuniongeza. Kabla sijapanda kitanda niliwaambia: "Nina homa ya ini C, msimchome mtoto kichwani." Mmoja akasema, "Dada, tumesoma kwenye kadi," kwa sauti ya chini kabisa. Nililia kwa hiyo sauti ya chini kuliko kwa uchungu.

Mwasho uliisha ndani ya siku 2. Ananyonya. Titi la kushoto lilipasuka siku ya 4, nikalipumzisha, nikawa nakamua na kumwaga huku nasikitika kama mtu anayemwaga mali, siku ya 7 akarudi.

MamaWaMmoja
Siku hiyo hiyo

Hongera, mama wa wawili. Sasa subiri miezi 2 au 3 ndipo apimwe RNA. Mtu akikushawishi apimwe kile kibao sasa, kataa. Kitasoma chanya hata kama mtoto ni mzima, kwa sababu kingamwili zako zimevuka kondo la nyuma na zinakaa naye hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Mimi walimpima wangu wiki ya 6 kwa kibao, nikakaa miezi miwili kaburini bure. Naam, kwake ikaja kuwa kweli, lakini kibao hakikuwa kimejua.

FundiWaNguo
Miezi 3 baadaye

RNA ya mtoto: haijaonekana.

Niliomba karatasi nisome mwenyewe. Nikampa mume wangu asome. Tukampa hata binti asome, anajifunza kusoma, akakwama kwenye "haijaonekana", akairudia silabi kwa silabi, ha-i-ja-o-ne-ka-na, tukamwacha airudie.

Yangu bado ipo, haikuondoka yenyewe. Daktari ameeleza kwamba dawa na kunyonyesha pamoja havijachunguzwa vya kutosha, hivyo tumekubaliana nimnyonyeshe, nikimwachisha nianze wiki 12.

MkungaWaZamu
Siku hiyo hiyo

Tarehe. Nataka tarehe. Hapa ndipo ninyi mnapopotea: mtoto akishakuwa salama, mama anajisahau, namkuta tena mimba inayofuata na kirusi kile kile.

FundiWaNguo
Siku hiyo hiyo

Tarehe imeandikwa ukutani juu ya cherehani, kwa chaki ya kukatia nguo, na kila ikifutika mwanafunzi wangu anaiandika upya. Nimeshamwambia ukweli. Alisema alijua, maana hakuna fundi anayegawa sindano kwa sababu ya usafi.

MtuWaMaabara
Kesho yake

Hongera sana. Na mheshimiwa hakimu, alipima?

FundiWaNguo
Kesho yake, saa 3 usiku

Alipima wiki ile ile ya mwasho, bila kuniambia. Hana. Nilikuja kujua kwa kukuta karatasi mfukoni nikifua suruali yake. Msamaha kwa mdomo hajaomba, si mtu wa hivyo. Lakini amenunua vikata kucha vitatu, na kila kimoja amekipaka alama kwa rangi yangu ya kucha. Changu kina doa moja, chake mawili, cha binti matatu. Nimemuuliza mbona mtoto hana, akasema kucha zake bado laini, tutamng'ata.